Bloku ipi ya maji kwa RTX 3090 ya TUF? Bodi kwanza, halafu mgongo

Swali: Nina kadi ya picha (GPU) ya ASUS TUF RTX 3090 niliyoinunua mtumba. Natengeneza katuni za 3D kwa Blender, na mara nyingi kadi inapiga kazi usiku kucha. Chumba changu hapa Dar es Salaam kina joto la nyuzi 31 hadi 32. Chipu haizidi nyuzi 78, ila memori inafika 110, kisha kasi inashuka. Nataka kuweka mfumo wa maji na nimeona bloku tatu, yaani vipande vya chuma vinavyokalia kadi na maji hupita ndani yake. Ya kwanza ni ya alumini, bei chee, muuzaji anasema inaingia kadi yoyote. Ya pili ni ya shaba iliyopakwa nikeli, imeandikwa 3080/3090 Strix. Ya tatu nayo ni ya shaba na nikeli, imeandikwa 3080/3090 TUF, lakini haina bamba la nyuma. Nichukue ipi, na niongeze nini?

Jibu: Chukua ya tatu. Lakini usitoe hela kabla hujajua utaufanyia nini mgongo wa kadi, kwa sababu shida uliyoieleza imekaa huko nyuma, na bloku hiyo, jinsi ilivyo, itapooza upande wa mbele tu.

RTX 3090 ilitoka Septemba 2020 ikiwa na GB 24 za memori ya GDDR6X. Wakati ule chipu moja ya memori hiyo ilikuwa na GB 1, kwa hiyo NVIDIA walilazimika kupanga chipu 24 kwenye bodi, yaani sahani ya saketi ya kadi: 12 zikizunguka chipu kuu upande wa mbele, na 12 mgongoni. Za mbele zinaguswa na kipoozeo chenye feni. Za mgongoni zimeachiwa bamba la chuma lisilopulizwa na kitu chochote. Namba ya memori unayoisoma kwenye programu ya HWiNFO si wastani wa chipu zote 24. Ni ya ile yenye joto kuliko wenzake, na kwenye kadi hii mara nyingi sana hiyo ni mojawapo ya zile za nyuma. Ikifika 110, kadi inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana chipu kuu imetulia kwenye 78, haina neno, na kazi bado inakwama. Ukisoma ushauri wa wenye RTX 3090 Ti, uchuje: kadi ile ya mwaka 2022 ilipata chipu za GB 2, zikatosha 12 tu, zote mbele. Wao hawana mgongo wa kuhangaikia. Wewe unao.

Kwa sababu hiyo kuna jambo la kufanya hata kabla ya kununua bloku. Kadi ya mtumba ya umri huu huwa na pedi za joto (vipande laini vinavyopitisha joto kati ya chipu na chuma) zilizokauka au zilizotoa mafuta, na pengine mwenyewe wa kwanza aliichimbia sarafu za kidijitali usiku na mchana. Kubadilisha pedi za pande zote mbili, kuweka pesti mpya ya kupitisha joto kwenye chipu kuu, na kuelekeza feni ya milimita 120 moja kwa moja kwenye bamba la nyuma ni kazi ya mchana mmoja na gharama ndogo. Ongeza hapo kikomo cha umeme: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `nvidia-smi -pl 280`, na kadi itaacha kula wati 350 itakula 280. Kasi ya Blender inapungua, lakini kidogo kuliko umeme unavyopungua. Amri hiyo inasahaulika kompyuta ikizimwa, kwa hiyo iweke kwenye kazi zinazoanza zenyewe. Kama shida yako ni memori peke yake, hayo yanaweza kukutosha. Mfumo wa maji una maana kama unataka pia utulivu wa kelele usiku, au unapanga kuweka kadi ya pili kwenye ubao mama huohuo na nafasi haitoshi. TUF ikiwa na feni zake inakula karibu nafasi tatu. Ikiwa na bloku inakuwa nyembamba kiasi cha kumpa jirani yake pumzi.

Tukichukulia umeamua maji, tuanze na bloku ya alumini ili tuiweke kando.

Ina makosa mawili, na lolote kati ya hayo linatosha. Kwanza ni bloku ya chipu tu: inakaa juu ya chipu kuu na kushikwa na matundu manne yanayoizunguka. Memori na sehemu ya kurekebisha umeme, yaani mosfeti na koili, zinabaki bila kitu, na feni zilizokuwa zikizipuliza umeshazitoa. Kwenye kadi ya wati 170 kama RTX 3060 unaweza kuponea kwa kubandika vipoozeo vidogo vya alumini na kuweka feni. Kwenye 3090 yenye chipu 24 za GDDR6X utakuwa umepooza kile ambacho hakikuwa na shida na kuvua nguo kile kilichokuwa kinaugua.

Pili ni alumini yenyewe. Rejeta nzuri za kompyuta zina mifereji ya shaba au shaba nyeupe, na bloku za prosesa karibu zote zina kitako cha shaba. Ukiweka alumini na shaba kwenye maji mamoja umetengeneza betri: alumini ndiyo inayoliwa. Inaanza kwa madoadoa meupe, halafu unaona ute wa kijivu umejikusanya kwenye mapezi ya bloku, halafu maji hayapiti. Dawa ya kuzuia kutu inachelewesha tu. Mfumo wa alumini mtupu kutoka bloku hadi rejeta hauna tatizo hilo, lakini ukiuanza umejifunga: kila kipande utakachoongeza baadaye lazima kiwe alumini, na vipande hivyo ni vichache.

Bloku ya Strix ni nzuri, ila si ya kadi yako. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa. Bloku inayofunika kadi nzima haichongwi kwa kufuata jina RTX 3090. Inachongwa kwa kufuata bodi. Kila kapasita, koili na tundu la skrubu lina mahali pake, na kitako cha bloku kina mashimo na vidato vya kuvipisha vitu hivyo. Strix na TUF zote ni za ASUS, zote zina chipu ileile, lakini bodi ni mbili tofauti. Dalili unayoiona bila kufungua chochote ni soketi za umeme: Strix ina tatu za pini nane, TUF ina mbili. Ukiilazimisha bloku ya Strix juu ya TUF, kitako kitakalia kapasita kabla hakijagusa chipu, na ukiendelea kukaza skrubu utang'oa kapasita au kuvunja kona ya chipu. Vilevile usidanganyike na neno 'rejea' ('reference') linalotumiwa kwa bodi za muundo wa kawaida; TUF haimo. Na kadi ya NVIDIA wenyewe, ile ya Founders Edition, ina bodi fupi iliyokatwa mwishoni na soketi ya pini 12, haifanani na nyingine yoyote.

Kwa hiyo geuza kadi, soma kibandiko. Ya kwako inapaswa kuwa na TUF-RTX3090-24G-GAMING au TUF-RTX3090-O24G-GAMING. Herufi O maana yake imeongezwa kasi kiwandani. Bodi ni ileile. Namba hiyo ndiyo unayoitafuta kwenye orodha ya mtengenezaji wa bloku, iwe ni Bykski wa China, Alphacool wa Ujerumani au EKWB wa Slovenia. Usiridhike na kichwa cha tangazo la muuzaji. Baada ya hapo tafuta picha ya bodi ya TUF ikiwa uchi, tovuti ya TechPowerUp wanazo za kadi nyingi, uiweke kando ya picha ya upande wa chini wa bloku. Fuata matundu ya skrubu moja baada ya jingine, kisha safu za koili. Dakika kumi za kulinganisha picha ni nafuu kuliko kifurushi kinachorudi China kwa gharama yako.

Kuandikwa 3080/3090 kwa pamoja si kasoro. TUF ya 3080 na ya 3090 zinakubali bloku moja upande wa mbele. Tofauti ni mgongo: 3080 haina chipu za memori nyuma. Basi muulize muuzaji kama mfuko wa pedi umekatwa kwa ajili ya 3080 au 3090, na kama mtengenezaji anauza bamba la nyuma la bloku hiyo peke yake. Mara nyingi lipo, ila linauzwa kando.

Ukiipata picha ya upande wa chini, iangalie kwa makini zaidi. Juu ya chipu kuu, kwa ndani, pawe na mapezi membamba yaliyopangwa kwa ukaribu. Hayo ndiyo yanayonyang'anya joto. Kitako kiguse chipu 12 za memori za mbele na safu zote za mosfeti, za kulia na za kushoto. Kisha fuata njia ya maji: kwenye bloku zilizochongwa vizuri mfereji unapita juu kabisa ya mosfeti, kwenye za bei ya chini maji yanaishia katikati na joto la pembeni linasafiri kwenye shaba kavu. Zote zinafanya kazi, lakini kwa mtu anayeiwasha kadi saa kumi mfululizo ningelipia ile yenye mfereji mrefu.

Shaba tupu na shaba yenye nikeli hupooza sawa. Nikeli haigeuki rangi, lakini ikipakwa vibaya inabanduka na magamba yanaziba mapezi. Bloku ikifika, ipeleke kwenye mwanga na utafute malengelenge au mstari wa rangi ya shaba kwenye kingo. Usiioshe kwa siki wala ndimu, tindikali inakula nikeli. Juu ya kitako kuna kifuniko cha plastiki: akriliki inayoonyesha ndani au asetali nyeusi. Asetali ni ngumu kupasuka. Akriliki inapasuka ukikaza fitingi (viungio vya mipira ya maji) kwa spana, na inaota nyufa nyembamba kama utando wa buibui ikiguswa na spiriti ya kusafishia. Hata hivyo, kwako nashauri akriliki. Unaona mapezi, unaona povu la hewa lililokwama, unaona uchafu ukianza kujikusanya miezi kabla joto halijapanda. Mashine inayofanya kazi umelala inahitaji kitu unachoweza kukikagua kwa tochi.

Sasa mgongo. Njia zipo tatu.

Ya kwanza ni bamba la nyuma la kawaida la bloku hiyo, likiwa na pedi nzuri kwenye chipu zote 12 na kwenye bodi nyuma ya mosfeti, pamoja na feni juu yake. Ni rahisi, na kwa kazi nyingi inatosha, kwa sababu bodi yenyewe sasa imepoa kutoka mbele na inavuta sehemu ya joto la nyuma. Bila feni, usishangae chipu kuu ikiwa 58 na memori bado ikazidi 90. Ya pili ni bamba la nyuma lenye njia yake ya maji, ambalo baadhi ya watengenezaji waliliuza kwa ajili ya 3090 hasa. Hilo ndilo linalomaliza shida, lakini liwe limetengenezwa kwa bloku uliyonayo, maana matundu na urefu wa skrubu lazima vikubaliane. Ya tatu ni ya mafundi: unachukua bloku ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya memori za kwenye ubao mama, ndefu na bapa, unaiweka juu ya bamba la nyuma pale chipu zilipo, katikati unaweka pedi ya milimita 1, na kuiunganisha kwenye mzunguko. Wenye 3090 wengi wamefanya hivyo na inapunguza joto sana. Angalia tu isigongane na kipoozeo cha prosesa, kwa kuwa nafasi iliyoko juu ya kadi ni finyu.

Nianze na ipi? Bamba la kawaida na feni. Upime wiki moja. Memori ikibaki chini ya 90 kwenye kazi ya usiku kucha, acha hapo.

Pedi zinahitaji maneno marefu kidogo, kwa sababu bloku nyingi zinazolaumiwa hazina kosa. Kosa ni nusu milimita ya pedi. Pedi ikiwa nyembamba, haigusi, chipu inaungua kimyakimya. Ikiwa nene, inainua bloku nzima, na sasa chipu kuu ndiyo iliyokosa mguso. Fuata unene ulioandikwa kwenye kitabu cha bloku, si ule wa kipoozeo cha zamani. Ni umbali tofauti kabisa. Kama kitabu hakipo, au bamba la nyuma ni la kadi yenyewe, pima hivi: viringisha punje za plastisini ya watoto, kila moja ukubwa wa punje ya choroko, weka moja juu ya chipu nne za pembeni, tandika karatasi nyembamba ya plastiki juu yake, funga bamba hadi skrubu zifike mwisho, kisha fungua taratibu. Punje zimekuwa visahani. Pima unene wa kila kisahani kwa kipimo cha venia. Ukipata milimita 0.8, nunua pedi ya 1.0. Ukipata 1.2, nunua 1.5 iliyo laini. Pedi laini inakubali kubanwa robo ya unene wake bila kulalamika. Pedi ngumu zenye namba kubwa ya kupitisha joto hazikubali, na hizo ndizo zinazopinda bodi. Pedi laini ya wati 6 kwa kipimo hicho cha kupitisha joto inayogusa vizuri inaishinda ya wati 12 inayogusa nusu.

Sehemu nyingine za mzunguko hazina ugumu huo. Pampu ya aina ya D5 au DDC inatosha. Kwa wati 350, maji yakizunguka lita 150 kwa saa yanaongezeka nyuzi 2 tu yanapopita kwenye kadi. Yakishuka hadi lita 50 yanaongezeka nyuzi 6. Kwa hiyo usihangaike kutafuta mtiririko mkubwa kupita kiasi, ila usiuache uanguke. Rejeta ndiyo inayoamua. Rejeta moja ya milimita 360 yenye feni tatu za mwendo wa wastani itaweka maji nyuzi kama 12 hadi 15 juu ya joto la chumba. Kwako hiyo ni 43 hadi 47. Inavumilika, lakini miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, itakuwa karibu na ukingo, hasa kama prosesa nayo iko kwenye mzunguko huo. Weka 360 na 240, au 360 mbili kama kasha linakubali, na kikomo cha wati 280 ukiache palepale. D5 zimeandikiwa mwisho wa nyuzi 60 za maji. Wewe jiwekee 50. Kuhusu umande, kwenye unyevu wa Dar watu huuliza sana: rejeta haiwezi kuyashusha maji chini ya joto la hewa ya chumba, kwa hiyo bloku haitatoa jasho.

Mipira ya kupitishia maji chukua ile myeusi ya EPDM, kipenyo cha ndani milimita 10 na cha nje 16, na fitingi za kukaza za ukubwa huohuo, hesi ya G1/4. Mipira mingi ya plastiki laini inayoonyesha ndani hutoa ute baada ya miezi, na ute huo unakwenda kukaa kwenye mapezi ya bloku. Bomba gumu linapendeza, lakini kwa mzunguko wa kwanza linakuongezea mahali pa kukosea. Angalia pia urefu wa hesi za fitingi: kwenye baadhi ya bloku tundu ni fupi, na fitingi ndefu inafika mwisho kabla oringi (pete ya kuzuia kuvuja) haijabanwa. Oringi usiipake mafuta ya Vaseline wala grisi ya gari, zinaweza kuivimbisha. Ilowanishe kwa maji.

Maji. Ya bomba hapana, ya kisima hapana kabisa, kwa kuwa visima vingi vya pwani vina chumvi. Na ya chupa ya kunywa yana madini. Unataka maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliokusanywa ukawa maji tena. Vituo vya mafuta na maduka ya vipuri vinauza 'maji ya betri', na hapa soma chupa mara mbili: jina hilohilo wengine hulitumia kwa asidi ya betri. Asidi itakula kila kitu ndani ya mzunguko, na vidole vyako pia. Yakiwa ni maji yaliyokenekwa kweli, yanafaa kusuuzia na kujazia, ukiongeza dawa ya kuzuia kutu na ya kuua mwani kwa kipimo cha chupa yake. Kama unaagiza bloku nje, agiza na kimiminika kilicho tayari, kisicho na rangi. Vile vya rangi nzito kama maziwa vinapendeza kwenye picha na vinaacha tope kwenye mapezi. Mzunguko wako utameza lita moja hivi. Uwe na tatu, kwani rejeta mpya ina mabaki ya dawa ya kuchomea. Ijaze nusu kwa maji moto yaliyokenekwa, itikise dakika mbili, mwaga kwenye bakuli jeupe, rudia mpaka bakuli lisionyeshe chembe.

Kufunga kwenyewe: iendeshe kadi kwa kazi dakika kumi ili pesti ilainike, zima, chomoa. Toa skrubu za nyuma, na kipoozeo kikikataa kutoka usikivute. Kizungushe kidogo kushoto na kulia mpaka pesti iachie. Kuna nyaya za feni na taa, ni fupi, zichomoe kabla hujakitenganisha kabisa. Safisha chipu kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, na uhakikishe imekauka kabla akriliki haijasogea karibu. Bandika pedi, ondoa karatasi za pande zote mbili. Karatasi moja iliyosahaulika ni kosa la kawaida mno. Pesti iwe nzito, itandaze yote juu ya chipu mpaka kona. Shusha bloku wima, anza skrubu nne zinazoizunguka chipu kwa mtindo wa msalaba, nusu mzunguko kila moja kwa zamu, kwa bisibisi ndogo na vidole vitatu tu. Zikigoma, acha. Kisha fungua tena uangalie: alama ya pesti ijae chipu nzima, na kila pedi iwe na umbo la chipu yake limechorwa. Watu wengi wanaona uvivu kufungua mara ya pili. Ni dakika ishirini zinazokuepusha kumwaga mzunguko mzima baadaye.

Bloku ina matundu manne. Unatumia mawili, mawili yanazibwa. Kitabu kikionyesha mahali maji yanapoingilia, fuata. Na taa za bloku zikiwa za volti 5 zenye pini tatu, usizichomeke kwenye soketi ya volti 12 yenye pini nne, zinakufa papo hapo.

Kabla ya maji, jaza hewa. Pampu ndogo yenye geji, 0.4 hadi 0.5 ya baa, subiri dakika 20. Sindano isiposhuka, jaza maji. Pampu isizunguke kavu hata kidogo. Washa pawasaplai peke yake kwa kiunganishi cha pini 24, kadi na ubao mama vikiwa havina umeme, ukiwasha na kuzima huku ukiongeza maji na kuinamisha kasha pande zote. Tandika karatasi ya chooni chini ya kila fitingi, acha usiku mmoja. Waya wa kuhesabu mizunguko ya pampu uuchomeke kwenye ubao mama na uweke mpangilio wa kuzima kompyuta pampu ikisimama. Hiyo ndiyo bima yako ukiwa umelala.

Ukianza kazi, soma namba baada ya saa moja, maji yakiwa yameshatulia. Chipu kuu iwe nyuzi 10 hadi 18 juu ya maji. Sehemu yenye joto kali zaidi ya chipu (HWiNFO huiita Hot Spot) iwe kama 10 hadi 15 juu ya chipu kuu. Ikizidi 20, bloku imekaa upande au pedi ni nene. Chipu sawa lakini memori bado inapaa: rudi kwenye mgongo. Namba zote zikipanda polepole kwa wiki kadhaa huku tofauti ya maji na chumba ikiwa ileile, mapezi yanaziba. Maji yakipanda yenyewe, ondoa vumbi kwenye rejeta. Badilisha maji kila miezi 6 hadi 12, na siku hiyo fungua kifuniko cha bloku, sugua mapezi kwa mswaki laini kufuata mistari yake.

Kipoozeo cha zamani usikitupe. Kiweke kwenye mfuko pamoja na skrubu zake zote, ukiandika zipi zilitoka wapi, kwa sababu anayekuja kuinunua kadi hiyo kesho ataitaka ikiwa na feni zake.